Aliyepanda Ndiye Aanze Salamu

 

Ndugu Muislamu, simama siku ya Ijumaa nje ya msikiti wowote mkubwa hapa Tabora, dakika kumi kabla khatibu hajapanda mimbari, utazame watu wanavyofika. Wengi wanakuja kwa miguu. Wengine wanakuja kwa baiskeli, maana huu ni mji wa baiskeli, na mimi ni mmoja wao. Wapo wa bodaboda. Halafu linaingia gari kubwa, Land Cruiser au Prado, au ile Noah ya viti vinane yenye watoto mpaka kiti cha nyuma, na hapo utayasikia maneno. Mmoja atasema shangingi limefika. Wa pili atauliza ni la nani. Wa tatu atajibu kwa kile anachokijua, na wa nne atajibu kwa kile asichokijua, na huyo wa nne ndiye atakayesikilizwa zaidi. Khutba haijaanza na tayari nyama ya ndugu imeshaliwa.

Maneno yenyewe tunayajua sote. Huyu ni fisadi. Yule ni Freemason. Huku kwetu Unyamwezini na Usukumani tuna letu la ziada, ndagu, kwamba mtu hawezi kutajirika mpaka amemtoa mtoto wake au mzazi wake. Na akiwa aliyeshika usukani ni mwanamke, basi hatupotezi hata muda wa kufikiri: kahongwa.

Tusidhani jambo hili limeanza jana. Baada ya Uhuru wazee wetu waliwaita wakubwa wenye magari ya Mercedes Benz "Wabenzi", kana kwamba ni kabila jipya lililohamia nchini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaja na miiko ya viongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Wabenzi wakapungua sauti kidogo. Biashara ilipofunguliwa tena, magari makubwa ya Kijapani yakajaa maofisini na kwenye miradi, na watu wakayatafutia jina. Jina waliloliona linafaa ni shangingi, ambalo katika Kiswahili cha mitaani ni mwanamke wa mjini aliyejipamba kupita kiasi na asiyeona haya. Zingatia hapo, msomaji. Tulipotaka kulitukana gari tulikwenda kuazima tusi la mwanamke. Nitalirudia jambo hilo mbele.

Sisi watu wa Tabora tulipaswa kuwa wa mwisho kushangaa mtu aliyepanda, kwa sababu mji huu umejengwa juu ya njia. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, ikaendelea mpaka Kigoma mwaka 1914, karibu kila kitu kilichokwenda kati ya pwani na Ziwa Tanganyika kilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikalivuka pori la Mgunda Mkali, ikatokea Tura, ikaingia Kaze ya Unyanyembe, ndiyo Tabora hii. Waingereza Burton na Speke waliondoka Kaole mwezi Juni 1857 wakafika Kaze mwezi Novemba. Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 akaingia Unyanyembe Juni. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, siku baada ya siku. Wapagazi wa Kinyamwezi wengi walikuwa watu huru, wakilipwa kwa merikani, kaniki, shanga na waya, na kijana aliyekwisha kwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Wapo pia waliopita njia hiyo hiyo wakiwa na minyororo shingoni, na hili hatuna haja ya kulificha kwa sababu tu baadhi ya wenye misafara walikuwa Waislamu wenzetu.

Sasa katika msafara wa watu mia kadhaa, waliopanda walikuwa wa kuhesabu kwa vidole: mwenye mali juu ya punda, na mgonjwa katika machela. Burton mwenyewe, miguu ilipomfa ganzi mwanzoni mwa 1858, alibebwa kwa machela kwenda Ujiji. Mzee aliyeketi chini ya mwembe akiutazama msafara hakuwa na haja ya kuuliza tajiri ni yupi. Aliyekuwa juu ndiye. Na watemi wa njiani, hasa kule Ugogo, walitoza hongo, ushuru wa kupita katika nchi yao, na hongo ilikadiriwa kwa macho: msafara ulioonekana umenona ulidaiwa vitambaa vingi zaidi. (Leo neno hilo limebaki na maana ya rushwa peke yake. Na hesabu imegeuka: gari kubwa likifika kwenye kizuizi hupigiwa saluti, wakati Noah ya mtu aliyebeba familia na magunia mawili ya karanga huambiwa iegeshwe pembeni. Si askari wote, lakini mwenye macho ameona.)

Kwa hiyo kutazama aliyepanda na kumkadiria ni tabia ya kale ya njia hii. Uislamu ulipofika hapa ulifika kwa njia hiyo hiyo, na ulikuja na adabu zake kwa aliye juu na kwa aliye chini. Adabu hizo ndizo tulizoziacha.

Nianze na gari lenyewe. Allah (SW) katika Suratun-Nahl (16:8) anatuhesabia neema za farasi, nyumbu na punda, na anataja mambo mawili: kwamba wameumbwa ili tuwapande, na wawe pambo. Kisha anaongeza kwamba Yeye huumba tusivyovijua. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameona katika maneno hayo ya mwisho nafasi ya reli, ndege na magari. Basi kipando kuwa kizuri si dhambi, kwa kuwa pambo limetajwa na Allah (SW) mwenyewe pamoja na manufaa. Na katika hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Ibn Masud (RA), Mtume (SAW) alipoonya kuwa mwenye chembe ya kiburi moyoni hataingia Peponi, mtu mmoja aliuliza kuhusu anayependa nguo nzuri na viatu vizuri. Akajibiwa kuwa Allah ni Mzuri na anapenda uzuri, ama kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kipimo hicho hakina neno la bei wala la ukubwa wa injini.

Tena kuna haja, mbali na pambo. Aliyeishi mkoa huu anajua masika ilivyokuwa ikifanya. Kipande cha barabara cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85 hivi, kilichogharimiwa kwa msaada wa Mfuko wa Kuwait, kilizinduliwa mwaka 2022, na hapo ndipo lami ya kutoka Tabora kwenda Itigi na Manyoni ilipoungana. Kabla ya hapo mwenye gari dogo aliyeingia katika pori lile wakati wa mvua alijua ameingia ila hakujua atatoka lini. Hadi leo, ukiiacha barabara kuu kwenda vijijini Sikonge, Uyui au Kaliua, gari lenye tumbo juu si anasa. Na mtu mwenye watoto sita, mama mzazi na shangazi, ambaye ndiye Muislamu wa kawaida wa mji huu, hawezi kuwapakia katika gari la watu wanne. Anayemcheka kwa kununua Noah amtafutie njia nyingine ya kuwapeleka maziko Urambo.

Noah hiyo, kwa njia, ndilo jina wanalomwitia Wazungu Nabii Nuh (AS). Na Qur'an katika Suratu Hud (11:38) inatueleza kuwa alipokuwa akitengeneza chombo chake, kila walipompitia wakubwa wa watu wake walimkejeli. Kumcheka mtu kwa chombo alichokiandaa kuwabeba watu wake ni mchezo wa zamani sana, na waliouanza tunajua mwisho wao.

Hayo ni ya gari. Sasa nije kwa wewe uliyepanda, ndugu yangu, maana wewe ndiye uliye juu na wewe ndiye utakayeanza.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (RA), Mtume (SAW) ameelekeza kuwa aliyepanda amsalimie anayetembea, anayetembea amsalimie aliyekaa, na wachache wawasalimie wengi. Tumezoea kuisoma kama hadithi ya adabu ndogo ndogo za watoto wa madrasa. Hebu itazame tena. Mila za dunia nzima zinasema mdogo amwamkie mkubwa, maskini amwamkie tajiri, wa chini amwamkie wa juu. Hapa utaratibu umepinduliwa. Yule ambaye punda wake, ngamia wake au Land Cruiser yake imemweka juu ya wenzake ndiye anayetakiwa kufungua kinywa kwanza. Wanazuoni wameeleza hekima yake: aliyepanda hushikwa na kiburi upesi, na salamu inamshusha pale alipo bila kumtoa kwenye tandiko.

Sasa nakuuliza wewe mwenye vioo vyeusi vilivyopandishwa mpaka juu: unamsalimia nani? Mzee aliyekufundisha alifu anatembea kwa mkongojo pembeni ya barabara, wewe unampita na kiyoyozi, na salamu yake kwako ni vumbi la Juni au dimbwi la Februari juu ya kanzu aliyoifua kwa ajili ya Ijumaa. Halafu unafika msikitini kabla yake, unakaa safu ya mbele. Mtume (SAW) amefundisha kuwa imani ina matawi sabini na kitu, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Wewe hukuondoa udhia, umeuleta na magurudumu manne. Na wale wanaoegesha magari mawili mawili mlangoni pa msikiti, hata jeneza likija lipitishwe ubavu ubavu, nawasihi wasome milango ya haki za njia katika vitabu vya hadithi, wataona kama yupo aliyeruhusiwa kuifunga.

Salamu ni mwanzo tu. Katika safari ya Badr ngamia walikuwa wachache, kila watu watatu wakipokezana mmoja. Mtume (SAW) alipangwa pamoja na Ali na Abu Lubaba (RA). Zamu yake ya kutembea ilipofika, wenzake walimwomba abaki juu wao watembee kwa niaba yake. Akawakatalia, akiwaambia kuwa wao hawamzidi nguvu, na yeye si mwenye kutosheka na thawabu kuliko wao. Imo katika Musnad ya Imam Ahmad. Amiri jeshi, Mtume wa Allah, anashuka kwenye ngamia anatembea kwa zamu. Na kila alipokuwa na kipando chenye nafasi, mara nyingi tunasoma alikuwa amempakia mtu nyuma: Muadh juu ya punda, Usama, Ibn Abbas akiwa bado kijana mdogo. Mafunzo mazito ya dini yetu, kama ile haki ya Allah juu ya waja na haki ya waja juu ya Allah, Muadh aliyapata akiwa amepewa lifti.

Na katika hadithi nyingine ya safari, iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (RA), Mtume (SAW) alielekeza kuwa mwenye kipando cha ziada ampe asiye na kipando, na mwenye chakula cha ziada ampe asiye na chakula. Akaendelea kutaja aina za mali mpaka maswahaba wakaona hakuna mwenye haki na ziada. Gari la viti vinane linalotoka Isevya kwenda mjini kila asubuhi na mtu mmoja ndani lina viti saba vya ziada. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza.

Kuna magari ambayo nimeyaweka kando kwa makusudi, nayo ni yale yenye namba za STK, SU na DFP: ya serikali, ya mashirika ya umma na ya miradi ya wafadhili. Hapa siwezi kuwaambia watu wanyamaze. Gari la umma ni amana, na mwenye amana anaulizwa. Mwananchi anayeuliza kwa nini gari la mradi wa maji liko harusini Jumamosi hana husuda, anauliza mali yake. Qur'an katika Suratu Aal Imran (3:161) inasema kuwa anayefanya khiyana katika mali ya umma atakuja nayo Siku ya Kiyama. Na Mtume (SAW), katika hadithi ya Abu Huraira waliyoipokea Bukhari na Muslim, alieleza jinsi atakavyokuja nayo: mtu atafika amebeba shingoni ngamia anayelia, mwingine farasi, mwingine mbuzi, akiomba msaada na kuambiwa kuwa hana wa kumsaidia, maana alikwisha fikishiwa ujumbe. Mpagazi wetu wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 kutoka Bagamoyo na mabega yakaota sugu. Land Cruiser ina zaidi ya tani mbili. Aliyeipanda kwa khiyana atabadilishana nayo nafasi, na safari ya siku hiyo si ya miezi mitatu.

Lakini kuuliza ni jambo moja na kutuhumu ni jingine, na hapa ndipo nawageukia wenzangu wa miguu na baiskeli.

Katika mtaa mmoja wa mji huu, ambao sitautaja, yupo mama mjane. Mume wake alifariki akamwachia watoto watano na deni. Alianza kwa kununua asali ya Sikonge kwa ndoo, akaichuja, akaiuza kwa chupa. Akaongeza mchele. Miaka kumi na moja baadaye alinunua Noah iliyotumika, kwa sababu amechoka kulipa magari ya watu kubeba mizigo yake, na kwa sababu watoto wake wanasoma mbali. Gari halijamaliza mwezi, kijiwe cha kahawa kikaamua kuwa kahongwa, na kikamtaja mpaka mtoaji. Maneno yakatembea. Posa ya binti yake mkubwa, iliyokuwa imekwisha kupokelewa, ikarudi. Wajomba wa kijana walisema hawana neno na binti, ila "mambo ya mama yake wameyasikia". Niliombwa nikae nao. Niliwauliza wameyasikia kwa nani, wakanitajia mtu. Nikamwendea huyo, akanitajia mwingine. Huyo mwingine alisema yeye aliona gari, basi. Aliona gari! Allah (SW) katika Suratun-Nur (24:4) ametaka mashahidi wanne kwa anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi, na asiyewaleta apigwe mijeledi themanini na ushahidi wake usikubaliwe tena. Kijiwe chetu kilitosheka na shahidi mmoja, naye ni Toyota.

Tazama na neno lenyewe. Kahongwa. Ni lile lile la hongo ya misafara: anayepita na mali mbele ya macho ya watu lazima alipe kitu. Mwenye msafara alilipa vitambaa. Mjane huyu amelipa kwa heshima yake na kwa ndoa ya mtoto wake.

Na sisi, kuliko umma wowote duniani, tulipaswa kujua. Sura hiyo hiyo ilishuka kwa sababu ya mwanamke aliyeonekana juu ya kipando. Bi Aisha (RA), katika kurudi safari ya Banu Mustaliq, alirudi nyuma kuutafuta ushanga wake uliokatika. Waliokuwa wakibeba kitundu chake cha kupandia wakakiinua juu ya ngamia wakidhani yumo ndani, maana alikuwa mwepesi, na msafara ukaondoka. Akabaki peke yake jangwani. Safwan bin Muattal (RA), aliyekuwa nyuma ya jeshi, akamkuta. Akampigisha ngamia wake magoti, Bi Aisha akapanda, yeye akamwongoza ngamia kwa miguu mpaka wakalifikia jeshi limepumzika mchana wa jua kali. Hayo ndiyo watu waliyoyaona: mwanamke amepanda, mwanamume ameshika hatamu. Mengine yote waliyatia wao. Mwezi mzima Madina ilichemka. Mama wa Waumini alilia mpaka wazazi wake wakadhani kilio kitampasua ini. Mpaka Allah (SW) mwenyewe akamtakasa kwa Qur'an inayosomwa hadi leo.

Na katika aya hizo (24:12 na 24:15) lawama hazikuishia kwa aliyebuni uongo. Wamelaumiwa waumini kwa kutowadhania wema wenzao pale waliposikia, na kwa kupokezana kwa ndimi jambo wasilolijua, wakiliona dogo nalo mbele ya Allah ni kubwa. Abu Ayyub (RA) alipoulizwa na mkewe kama ameyasikia maneno ya watu, alimrudishia swali: je, wewe ungeweza kufanya jambo hilo? Mkewe akasema hapana. Akamwambia Aisha ni bora kuliko wewe. Nyumba hiyo ikafungwa mlango wa fitina. Jiulizeni, akina baba mnaokunywa kahawa baada ya Alasiri, ni mlango gani mmefunga ninyi.

Najua nitajibiwa kuwa wapo kweli wanawake wanaohongwa, na wapo kweli matajiri waliokula mali ya haramu. Wapo. Mtume (SAW) amesema, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kuwa mja ataulizwa kuhusu mali yake, aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Lakini hajasema kuwa sisi ndio tutakaomuuliza tukiwa tumekaa juu ya benchi. Ama hilo la ndagu ni baya zaidi, kwa kuwa anayelisema anakiri kuwa wapo wanaogawa riziki badala ya Allah (SW), kisha anaingia msikitini kusali.

Kinachonistaajabisha ni kuwa mdomo unaolisema gari ndio huo huo unaolipokea. Tunafanya harambee ya kumalizia paa la madrasa, na linapoingia lile lile shangingi la yule yule tuliyemwita fisadi, kamati yote inasimama. Viti vya mbele vinafutwa vumbi. Mzee kipofu aliyekuwa amekaa pale tangu asubuhi anaambiwa asogee kidogo, Sheikh, mgeni rasmi amefika. Na Suratu Abasa tumeihifadhi wote tangu utotoni! Tunajua ilishuka kwa ajili ya kipofu, Abdullah bin Umm Maktum (RA), na kwa ajili ya wakubwa waliokuwa wamekaa mbele siku hiyo. Qarun naye alipotoka na mapambo yake (Qur'an, 28:79-82), waliokuwa wakitamani dunia walitamani wangepewa mfano wa alichopewa, na ardhi ilipommeza ni hao hao waliogeuza maneno asubuhi yake. Chuki yetu na unyenyekevu wetu mbele ya gari kubwa vimetoka katika chungu kimoja. Tungekuwa nalo sisi tusingelisema. Wapo waliolia kwa kukosa kipando na Allah (SW) akawasifu, katika Suratut-Tawba (9:92), lakini wale walilia kwa kuwa wamekosa cha kuwapeleka Tabuk pamoja na Mtume (SAW). Sisi machozi yetu ni ya namna nyingine.

Mpaka naandika haya ile posa haijarudi. Wajomba wanasema wanafikiria. Yule mama bado anaendesha Noah yake, na asubuhi hupakia watoto wa majirani kwenda shule, wakiwemo wawili wa mmoja wa wale wa kijiwe.

Katika msikiti ninaosali tumeanza jambo dogo. Wagonjwa wa usiku wa mtaa wetu walikuwa wakipelekwa hospitali ya Kitete kwa bodaboda, hata mama wajawazito. Wiki tatu zilizopita nilimwendea ndugu mmoja mwenye Prado, ambaye kila Ijumaa anateta na watu kwa macho tu, nikampa salamu, nikamwomba atusaidie usiku wa Alhamisi na Ijumaa. Alinitazama kwa muda. Akasema anasali hapa mwaka wa sita, na hajawahi kuombwa kitu chochote na mtu, isipokuwa mchango, wala hakuna aliyewahi kumuuliza jina. Sasa jina lake tunalijua. Namba yake ya simu imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, chini ya ile ya muosha maiti, na usiku wa Alhamisi iliyopita ilipigwa mara mbili.